Maji ya Kwanza ya Mshindambuzi

Dresa wetu hakuwa daktari, na jambo hilo lilijulikana na kila mtu kijijini isipokuwa yeye. Serikali ya Mwingereza ilimwajiri afunge vidonda, agawe kwinini, na wagonjwa wa kweli awapeleke Lindi. Yeye aliielewa ajira hiyo kwa namna yake, kwamba amekabidhiwa roho za watu wote kuanzia Rutamba mpaka pale miguu yake ilipochoka. Ukimwita dresa aliitikia kwa adabu, ila dawa yako ilichelewa. Ukimwita daktari ulitangulia hata mwenye degedege.

Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa makuti, tena ua wenyewe ulikuwa na matundu, kwa hiyo haya siyasimulii kwa kusikia. Ukoo wake nauacha. Aliusimulia mwenyewe vya kutosha, na kila aliposimulia babu zake walipanda cheo. Inatosha kusema alitoka Kilwa Kivinje na hakuruhusu mtu asahau hilo. Sisi Wamwera tuliolima mihogo na kuhudumia mikorosho alituona watu wa kuhurumiwa.

"Nyinyi si watu wabaya, shemeji," aliniambia siku moja nikitwanga uani. "Ni bahati tu. Hamkupata bahari."

"Na nyinyi mlioipata, mbona mmekuja kula muhogo wetu?"

Akanijibu kwamba muhogo wetu aliula kwa sababu za kiafya.

Aliniita shemeji kwa kuwa mkewe, Salima, alikuwa shoga yangu. Bila Salima mtu huyu angekuwa kichekesho tu, na mimi ningekuwa nimeshamaliza kuandika. Yeye ndiye aliyefua kanzu ya mumewe. Mtu anayeshinda na vidonda na usaha akaamua kuvaa kanzu nyeupe, huyo hatafuti heshima, anamtafutia mkewe kazi. Juu ya kanzu alivaa koti la Mzungu fulani aliyehama, halina vifungo, na mfukoni aliweka kipimo cha homa. Kipimo kilikuwa kimekufa zamani. Hilo halikumzuia kukitia makwapani mwa watu, kukitazama juani, na kusema "Mmh." Nimewaona watu waliopata nafuu kwa ile "mmh" peke yake.

Dawa zilikuwa tatu: chumvi ya haluli ya tumbo, kwinini ya homa, na iodini ya chochote kinachoonekana kwa nje. Ugonjwa wowote uliofika pale ulilazimika kuchagua nafasi yake katika hizo tatu. Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alikuja kusema kwamba moyo unamuuma na usingizi umemkimbia, Dresa akampa haluli. Siku ile nzima mzee hakupata nafasi ya kuhuzunika.

Alicheka hirizi mbele ya wenye hirizi. Alipita chuoni kwa Mwalimu wetu wa Kurani na kumwambia kwamba kombe, yale maandishi ya zafarani yanayooshwa mtu akanywa, ni maji machafu yenye rangi nzuri. Lakini Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Safar, siku ya nuksi, hakugusa sindano, hakufunga safari, wala hakufungua dispensari mpaka jua limekuchwa. Ukimwuliza alisema anahesabu vifaa. Na alipougua yeye homa kali, Salima alimletea kombe kutoka kwa Mwalimu yule yule, akalinywa lote, kisha akatueleza kwamba alikuwa na kiu.

Alipenda kuamkiwa shikamoo hata na waliomzidi umri. Alikohoa, akasimama, akangoja. Wengine walimpa ili wapite. Mimi nilimpa kila asubuhi, kwa sauti kubwa mno, mpaka akaanza kushuku.

Mizizi na majani aliyaita takataka. Wanawake waliokwenda porini kuchimba dawa aliwaambia kwamba wanakula kuni. Basi ikaja vita ya pili ya Wazungu, meli zikapata kazi nyingine, na sanduku la dawa kutoka Lindi likawa linafika tupu au halifiki kabisa. Dispensari ikabaki na iodini na ile "mmh." Kwetu ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu ulikuwa safura. Minyoo midogo inamnyonya mtu damu tumboni mpaka viganja vinakuwa vyeupe na kupanda kilima kidogo kunamtoa pumzi. Salima mwenyewe alikuwa nayo. Akifagia uwanja alisimama katikati akashika kiuno, akajifanya anaangalia mawingu.

Ndipo Dresa alipoanza kuheshimu takataka. Kichaka alichokichagua kwetu tunakiita mshindambuzi. Mbuzi anayekula makuti, kamba na mikeka ya watu, akikifikia hicho anageuza uso. Majani yake hayana sura yoyote ya kusifia. Mizizi yake ndiyo dawa ya minyoo tangu enzi za bibi zetu, na hakuna Mzungu aliyekuwa ameiandika popote, jambo ambalo kwa Dresa lilikuwa na utamu wake. Alijiona tayari akiitwa Dar es Salaam kuueleza mti wake mbele ya watu wenye miwani.

Sasa nieleze alivyouchunguza, maana nilikuwa nyuma ya ua na sikukosa hata siku moja. Alichemsha mizizi, akatikisa maji yake ndani ya chupa ya jemu, yakatoa povu zito kushinda la sabuni ya mche. Akashangilia. Akatia msumari wenye kutu, maji yakageuka meusi. Akashangilia tena. Akatia majivu, akatia ndimu, akaonja, akatema, akasema kwa Kiingereza neno ambalo nadhani hakulijua maana yake. Kisha akachimba nyungunyungu kwenye shimo langu la taka, akawatumbukiza ndani ya maji yale na kukaa juu ya kibao akiwatazama wakijinyonga mpaka wakatulia. "Wamekufa, Salima!" akapiga kelele. "Njoo uone, wamekufa wote!" Salima akaja akiwa ameshika kiuno, akatazama mizoga ya nyungunyungu, akamwambia hongera. Jogoo wangu naye alipewa kwa siri. Alilala chali tangu asubuhi hadi alasiri, akaamka, na tangu siku hiyo akawa anawika wakati wowote uliomfaa.

Hapo sasa ndipo penye shughuli. Mizizi ya mshindambuzi huchemshwa mara mbili. Maji ya kwanza, yale yenye povu, hayanywewi. Unayabeba nyuma ya nyumba, unageuza mgongo na kuyamwaga bila kutazama, kwa kuwa ni haki ya wenye pori, waliokupa mti wao. Unatia maji mengine, unachemsha tena, na hayo ya pili ndiyo ya mgonjwa. Ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini wenye pori wanapenda vitu vichungu.

Mwalimu wa chuo aliichukia desturi hiyo miaka mingi. Kutoa haki kwa wenye pori, alisema, ni shirki, na maji hayo tunamnywesha shetani. Dresa naye akaichukia kwa upande wake. Alikuwa ameona kwamba nyungunyungu ndani ya maji ya kwanza hufa, na ndani ya maji ya pili huogelea tu kwa raha zao. "Nguvu yote mnaimwaga!" alituhutubia. "Dawa mnawapa mashetani, wagonjwa mnawapa makapi!" Watu hao wawili, waliokuwa hawaamkiani tangu habari ya kombe, wakakutana kwenye baraza ya jumbe na kupeana mikono. Dini na sayansi zikapatana kijijini kwetu kwa mara ya kwanza. Wengi wetu tulifurahi. Tulidhani kwamba wasomi wote wakisema jambo moja, basi ni kweli.

Asubuhi waliyopanga, wenye safura walikusanyika mbele ya dispensari, kila mtu na kikombe chake cha bati. Mwalimu akasoma dua. Dresa akatoa hotuba, ndefu kuliko dua. Kisha, ili watu wasiogope, akachota kikombe cha kwanza cha maji ya kwanza akampa mkewe. Salima alikipokea kwa mikono miwili na kunywa bila kukunja uso. Watu wakamfuata. Mimi nilisema nimefunga sunna, ingawa nilikuwa na muhogo mdomoni.

Adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kikitapika. Sisemi haya kwa kejeli, au labda nasema kwa kejeli kwa sababu nikiyasema vingine sitayamaliza. Watu walilala chini ya miembe, nyuma ya nyumba, popote tumbo lilipowakuta. Dresa alikimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, koti linapepea, akiwapa maji ya chumvi. Mimi nilipita tundu la ua kumwangalia shoga yangu, nikamkuta sakafuni akiwa amejikunja, na kanga yake imelowa damu.

"Shoga," aliniambia, "nilikuwa nayo."

Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto. Alikuwa hajamwambia mumewe, alikuwa anangoja mimba ishike vizuri ndipo ampe habari. Nilimshika kichwa nikalia kwa hasira, na nikamtukana Dresa kwa majina ambayo sitayaandika. Salima akanishika mkono. Nilishangaa alikopata nguvu ile.

"Akija, mimi nitasema ilianza jana usiku. Kabla ya dawa. Na wewe usiseme vingine."

"Damu imeanza sasa hivi, Salima."

"Najua ilipoanza. Lakini akijua ni kikombe chake, sina mume tena. Nina maiti ndani ya kanzu. Niapie."

Nikaapa. Dresa alipoingia alitazama kanga, akamtazama mkewe. Aliuliza tu ilianza lini. Salima akasema usiku. Mimi nikatazama ukuta.

Cha ajabu ni kwamba wale wengine wote walipona. Minyoo iliwatoka kweli kweli, na baada ya muda viganja vikarudisha wekundu, wakawa wanapanda kilima wakiimba. Jumbe akamsifu Dresa hadharani. Mwalimu akamsifu msikitini. Salima naye alipona safura, tena vizuri, ila hakushika mimba tena maishani mwake. Na huyo aliyesifiwa, wiki chache baadaye, alitoka mbele ya dispensari akatangaza kwamba maji ya kwanza yasinywewe na mtu, yamwagwe kama zamani. Mwalimu alimkemea mbele ya watu, akamwita mnafiki aliyerudi kwenye shirki. Nilimwona kwa macho yangu, mtu wa Kivinje, mwenye koti la Mzungu, akibeba sufuria nyuma ya nyumba na kugeuza mgongo.

Tangu hapo akawa na swali moja. Watu walidhani anatafuta sifa, na sifa alizitaka, tusimsingizie unyenyekevu. Lakini mimi nilijua anachokitafuta ndani ya zile chupa za jemu. Alitaka kujua kama maji ya kwanza yanatoa mimba. Akijua hayatoi, basi Salima alisema kweli, ilikuwa itoke tu. Akijua yanatoa, basi ni yeye.

Siku moja alinunua mbuzi jike mwenye mimba, akamtengea maji ya kwanza. Mbuzi akageuza uso, kama ilivyo desturi ya mbuzi kwa mti huo tangu dunia iumbwe. Akamtilia chumvi, akamtilia pumba, akamshika taya na kumnywesha kwa nguvu. Mbuzi akamtemea yote kwenye kanzu. Nilicheka nyuma ya ua mpaka nikashika mbavu.

"Mti unaitwaje, shemeji?" nikamwuliza.

"Nenda zako," akasema.

Mbuzi yule alizaa mapacha, wote wazima. Dresa alikuwa akienda kuwatazama kila jioni akitoka kazini, akichuchumaa zizini kimya na koti lake linagusa mavi. Hapo sikucheka.

Vita ilipokwisha alipita Mzungu mmoja wa kukusanya mimea, mrefu, mwenye kukausha majani katikati ya karatasi. Sisi tulimwonyesha njia. Dresa alimwonyesha mshindambuzi, akamfungia mzigo wa mizizi, na kumweleza mambo ya povu, msumari na nyungunyungu bila kumwacha apumue. Mzungu aliahidi itapimwa na wanaojua. Tulidhani tumeagana naye. Lakini baada ya misimu kadhaa alirudi kweli, kwa lori, akaketi kwenye kibao kile kile na kutoa majibu kwa Kiswahili chake cha jikoni.

Alisema ndani ya mizizi mna kitu cha jamii ya sabuni, ndicho kinacholeta lile povu. Karibu chote hutoka kwenye maji ya kwanza. Kinaua minyoo. Kinachoma tumbo la mtu pia, na haya hayatengani, kwa kuwa kinachoua na kinachochoma ni kitu kile kile. Yale meusi ya msumari ni kitu kingine, hakina maana kubwa. Maji ya pili yana nguvu kidogo sana, pengine mtu akiyanywa siku nyingi yatamsaidia.

Kwa hiyo Dresa wetu alikuwa amesema kweli. Nguvu yote tulikuwa tukiimwaga. Mtu aliyeishi kwa kungoja siku Mzungu amwambie "umesema kweli" aliambiwa, mbele ya jumbe na mbele ya Mwalimu, na hakutabasamu.

"Na kwa mwanamke mwenye mimba?" akauliza.

Mzungu akafikiri. "Hiyo hatukupima. Labda mbaya. Labda si kitu. Haijulikani."

"Haijulikani," Dresa akarudia.

"Wewe uliomba minyoo tu," Mzungu akasema, tena kwa upole. Ilikuwa kweli. Siku ile ya mzigo alizungumza mpaka sauti ikakauka, na hilo moja lilimshinda kulitamka.

Mara yangu ya mwisho kumwona alikuwa amestaafu, wamerudi kwao Kivinje. Wakati huo watu wote walikuwa wanazungumza habari za uhuru. Nilipanda lori la korosho kutoka Lindi, nikashuka Nangurukuru nikiwa na vumbi hadi kwenye kope, nikapata mwingine wa kunifikisha. Salima alinipokea kwa vigelegele, akanishika mashavu, akaniambia nimezeeka, nikamwambia na yeye pia. Akaingia jikoni uani kunipikia wali. Mimi nikaketi barazani na Dresa. Miguu ilikuwa imemvimba na kanzu imekuwa kubwa kwake. Ilikuwa nyeupe vile vile, maana Salima alikuwa hajapewa likizo.

Tulisemana kidogo habari za kijiji. Nikamwambia Mwalimu amefariki, akasema innalillahi, kisha akaongeza kwamba marehemu alikuwa mbishi. Halafu akainama kunisogelea.

"Shemeji, wewe ulikuwepo."

"Wapi?"

"Usinifanye mtoto. Siku ile. Salima miaka yote ananiambia damu ilianza usiku. Usiku ule nililala ubavuni pake, sikuona kitu, sikusikia kitu. Lakini niliamini, maana nilitaka kuamini. Mti umenishinda. Mzungu kasema haijulikani. Kila niliyemdokeza ananiambia ni kazi ya Mungu, nami siyakanushi ya Mungu, lakini hilo silo nililouliza." Akameza mate. "Sitaki kufa sijui. Ilianza kabla ya maji au baada?"

Kwa maisha yangu yote mtu huyu hakuwahi kuniuliza swali nikakosa la kumchoma nalo. Sasa nikatazama miguu yake iliyovimba. Nilikuwa nimeapa. Na kule jikoni, ambako sauti ya kukuna nazi ilikuwa ikienda bila kusita tangu tulipoketi, sasa palikuwa kimya. Nikafungua mdomo niseme kabla, na Mungu anisamehe, ningesema.

"Baada," Salima akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni, mikono myeupe kwa nazi.

"Baada, mume wangu. Ilianza adhuhuri. Shoga anajua, nilimfunga kwa kiapo, usimlaumu." Akaja akaketi mkekani, karibu naye mpaka bega likagusa bega. "Kikombe ulinipa wewe, lakini hukunishika taya. Nilikunywa kwa sababu nilitaka watu waone kwamba mume wangu anajua anachofanya."

Dresa akamgeukia.

"Umejua tangu siku ile."

"Tangu siku ile."

"Na ukawa unanipikia."

"Ungepika wewe?"

Akafunika uso kwa mikono yake, akalia. Salima hakumwambia nyamaza. Mimi, ambaye nimemcheka mtu huyu tangu siku aliyohamia jirani, niliinuka taratibu nikaenda jikoni kumalizia kukuna nazi, maana wali ulikuwa unangoja tui.